Somo Tulilotaka Kuliruka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo umekuachia. Sisi hapa tunasukuma siku. Mama angali kitandani. Kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni wewe, nami namjibu kama ulivyoniagiza, kwamba utakuja Pasaka, kiwanda kikifunga. Jibu hilo limenichosha, sikufichi.

Kwaresima hii jumuiya inasali kwetu kila Alhamisi kwa sababu Mama hawezi kutoka. Wanajazana chumbani, wengine wanakalia vitambaa vya zambarau nilivyopewa na parokia nishone, mpaka navipiga pasi upya. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, halafu kila mtu anasema neno lililomgusa. Sharti ni moja: mwenzako akisema, humjibu. Unaujua mdomo wangu. Kwangu mimi hiyo ni funga ngumu kuliko ya chakula.

Juzi katekista akafungua kitabu na kuanza habari ya mwanamke kisimani, ambayo tulishaisoma. Watu wakainamisha macho. Mama, tuliyedhani amesinzia, akasema hiyo imeshapita, leo ni zamu ya Lazaro aliyefufuliwa. Katekista akababaika, akasema hakuona vizuri kuleta habari za kaburi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mama akamwambia kinachomuuma si masikio, kisha akaniamuru mimi nisome.

Nikasoma. Nilipofika pale Bwana anapoletewa habari kwamba rafiki yake anaumwa, naye akabaki huko huko alikokuwa, nilisoma kwa hasira. Halafu wakaanza kutoa maneno yao. Fundi baiskeli akasema ameguswa na subira. Jirani yetu wa mlango wa pili, naye subira. Zamu yangu ilipofika nikasema nimeguswa na wale dada wawili waliotuma ujumbe wakakaa kusubiri, na kwamba hakuna anayeuliza siku zote hizo nani alikuwa akimgeuza mgonjwa na kufua mashuka. Jirani akafungua mdomo, akaufunga. Sharti ni sharti.

Mama alikuwa wa mwisho. Akasema Bwana aliweza kuchelewa kwa kuwa alijua atakachofanya akifika. Akafumba macho, na katekista akafunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Kaka, sasa nakwambia nililokatazwa. Daktari alituruhusu turudi nyumbani kabla ya Jumatano ya Majivu, akasema dawa zimefika mwisho. Mama anajua. Aliniapisha nisikwambie, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yake. Nikaapa, na tangu hapo nimekuwa nikikukasirikia kwa kutokuja, wakati wewe hujui hata unachochelewea. Nimechoka kukukasirikia namna hiyo. Pasaka hafiki. Siku hizi hata maji anakunywa kwa kijiko.

Usitume kitu, na usingoje kiwanda kifunge. Wewe ukichelewa utakuta kaburi, na hakuna kati yetu atakayeweza kufanya kitu mbele ya kaburi hilo.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama hajui kama nimeandika. Akijua nimevunja kiapo atanigombeza vibaya sana. Njoo umkute akinigombeza.

Mdogo wako,
Pilipili