Kiuno Namba Nne

Chumba cha Kuhariri,
Ghorofa ya Pili, juu ya fundi viatu.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko mbali? Mgongo umekuachia? Na Shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi tu wazima, ila mvua haijakatika siku ya tatu, na humu ndani mchana unapita kama usingizi mwepesi.

Kazi yangu unaijua: nakata na kuunganisha video za nyimbo. Usichokijua ni kwamba kila kipande nakipa jina, nisije nikapotea. Mwimbaji naandika "Mwimbaji". Wacheza dansi naandika "Kiuno Namba Moja", "Paja Namba Mbili". Miaka sita, Dada, wala sikuwahi kujiuliza.

Juzi nilizima sauti, nikakitazama Kiuno Namba Nne kikielea polepole kwenye skrini, chumba kizima buluu. Nikampigia bosi, nikamwambia hicho ndicho kipande bora. Kisha kamera ikapanda. Loo! Alikuwa Chiriku, binti yako. Mpwa wangu niliyembeba mgongoni! Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Tafadhali usimgombeze. Ni mtu mzima na dansi ndiyo kazi yake. Nilimwita, akaja na mwavuli unaochuruzika, akaketi kwenye kiti changu, akatazama. Nilidhani atalia. Akauliza tu, "Mjomba, mimi nilicheza wimbo mzima. Huo mzima uko wapi?"

Nikajifanya nafuta maji sakafuni.

Basi nikairudia kazi yote. Wote nikawaacha wazima, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Kumbe mmoja hucheka upande, mwingine huhesabu hatua kwa midomo! Bosi akafoka, mbona pamejaa sura za watu. Nikamwambia sikati tena mtu vipande. Kazi kampa mwingine, na Ijumaa video inatoka vile vile alivyotaka yeye. Inaniuma, sikufichi.

Kwa hiyo, ndani ya bahasha hii kuna flashi. Jirani anayesafiri atakufikishia Alhamisi. Ni Chiriku peke yake, wimbo mzima, na mwenyewe ameridhia. Nataka umwone hivyo kwanza.

Dakika ya pili, mtazame mdomo. Hatua ikiwa ngumu anatoa ncha ya ulimi, vile vile unavyofanya wewe ukitia uzi kwenye sindano.

Msalimie Shemeji, na mama mkwe wako mkali umwambie bado namwogopa. Mungu awafunike kwa amani.

Nduguyo anayekupenda,
Mjomba wa Chiriku