Mahindi Matamu ya Changamwe

Changamwe, 14 Julai 1944

Kwako Baba Kaviha,

Pokea salamu zetu huko vitani Burma. Mwanetu Kaviha sasa anatembea, na paa tumeliezeka upya.

Ile mbegu ya mahindi matamu uliyoniachia, mwaka jana niliipanda mstari mmoja tu kando ya ua, ikazaa magunzi yenye mapengo. Safari hii nilipanda mistari minne iliyokaribiana, ili upepo usambaze unga wa maua. Yamejaa punje hadi nchani.

Mwezi uliopita alikuja ndugu yako Mwarandu. Akasema, "Shemeji, miezi minane sasa hatujapata barua ya mumeo Nzai. Wazee wameamua nikurithi. Fungasha twende Kaloleni."

Nikamjibu, "Mahindi yametoa ndevu, shemeji. Nikiondoka sasa yataliwa na tumbili."

Si mtu mbaya ndugu yako. Aliyatazama mahindi kwa muda, kisha akasema, "Basi ukivuna nitakuja."

Juzi nilibonyeza punje kwa kucha ikatoa maziwa, kwa hiyo nimevuna. Mengine nimempa jirani, mke wa Wafula, aliyenisaidia kupalilia. Mvua imepungua, lakini jana nilipanda tena mbegu zilizobaki, nami nitazimwagilia maji ya kisima. Mwarandu akija atakuta miche.

Mbegu sasa zimekwisha kabisa. Niandikie, mume wangu, na kama huwezi kushika kalamu, mwambie mwenzako akuandikie.

Ni mimi mkeo, niliye bado nyumbani kwako,
Nyevu