Uzi Mwekundu

Kwako Dada,

Hujambo wewe na shemeji? Wapwa zangu nao? Nasikia yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hafungi mdomo kwa kucheka. Mpe pole yangu. Kila ukiniuliza hali huwa nakujibu kwamba niko salama salimini. Leo sisemi hivyo. Kwenye simu ningekwepa, nakujua unavyonibana na najua ninavyoteleza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi zipo. Sare za shule zimejaa hadi juu ya cherehani, ila siku tatu kila wiki naziacha nikakae kwa saa nne kwenye kiti cha kusafishwa damu, nikimsikiliza yule mgonjwa mwenzangu tunayemwita Mzee Redio, maana hazimiki.

Unakumbuka mwanzoni sikuwa naye. Kwa sababu ya homa ya ini C, niliwekwa chumba cha pembeni na mashine ya peke yangu. Nami nikajitenga mwenyewe: wembe wangu, kikata kucha changu na sindano zangu za mkono vyote nilivifunga uzi mwekundu, asiviguse mtu. Kisha nikameza vidonge miezi mitatu. Damu ikapimwa, ikapimwa tena, kirusi hakikuonekana. Nilipohamishiwa ukumbi mkubwa, Mzee Redio alitangaza ujio wangu kwa sauti ya taarifa ya habari, na wauguzi wakapiga makofi. Siku hiyohiyo nilikata nyuzi zote, sindano zangu nikazichomeka kwenye kimto kimoja na za mafundi wenzangu. Wewe ukapiga simu kusema kwamba sasa hakuna kisingizio, figo yako moja ni yangu. Nililia, ingawa nilikwambia ni mafua.

Sasa sikiliza. Kabla ya upasuaji, daktari wa figo alichukua damu ya ziada kutoka kwetu sote tuliomeza vile vidonge. Alinieleza kwamba damu inaweza kuonekana safi kwenye kipimo cha kawaida, kumbe kirusi kidogo kimebaki ndani ya chembe nyeupe za damu, kimejificha. Nilimwambia hilo nalielewa, kuna mshono mbovu usiouona mpaka uigeuze nguo ndani nje. Akasema ni hivyo hasa. Halafu akaniambia kwamba kirusi changu bado kipo.

Hakunitisha. Alisema bado hawajui kina madhara gani, wala kama kikiwa kidogo hivyo kinaweza kumwambukiza mtu. Lakini upasuaji usubiri wapime upya, nami nirudie tahadhari zangu zote siku hiyohiyo.

Dada, hayo niliambiwa Jumatatu. Wewe ulikuja kuniona Alhamisi pale kwenye cherehani, wenzangu wakiwa wametoka kula, likizo umeshaomba kazini. Nilikwambia upasuaji umesogezwa kwa sababu mashine ya chumba cha upasuaji imeharibika. Haikuharibika. Na sindano zangu sikuwa nimezifunga uzi, kwa sababu wenzangu wangeuliza, nawe ungeuona.

Ukanitania kwamba fundi gani huyu anatembea na kifungo cha shati kinaning'inia. Ukachomoa sindano kwenye kimto, ukaketi kunishonea. Ilikuwa ileile iliyonichoma asubuhi, nikaifuta kwenye suruali na kuirudisha. Nilitaka kusema ngoja nikupe nyingine. Nilinyamaza. Ikakuchoma kidole gumba, ukakinyonya huku ukicheka kwamba sindano zangu hazipendi wageni. Nami nikacheka.

Niliogopa kwamba ukijua utaondoka na figo yako. Kwa dakika ile niliitaka figo kuliko nilivyokutaka wewe uwe salama. Sina neno jingine la kulieleza, na naona aibu.

Jana nilimweleza daktari. Alinigombeza nikanywea. Akasema uwezekano wa kukudhuru ni mdogo sana, lakini lazima upimwe sasa, kisha upimwe tena baada ya miezi michache. Karatasi yake nimeiweka humu ndani ya bahasha. Tafadhali nenda kesho, usingoje kumaliza kunikasirikia.

Sindano ile nimeipeleka hospitali, nikaitumbukiza kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Zilizobaki nimezifunga uzi mwekundu mbele ya wenzangu, na walipouliza niliwajibu. Wao pia nimewaomba wakapime.

Habari ya figo tuiache. Nimemwambia daktari afute jina lako mpaka wewe mwenyewe useme vinginevyo, na ukikataa sitakuuliza kwa nini. Kifungo ulichonishonea bado kimekaza. Wenzangu wamekisifu, nikashindwa kuwaambia nani alikishona.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama usimwambie. Nitakwenda kumwambia mwenyewe Jumapili, nikiwa nimevaa shati hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Futi