Bingwa Alinibebea Fimbo

Kampala

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri na goti lako limetulia. Mama yangu, Mawe, hajambo? Na ile migomba iliyoangushwa na upepo nyuma ya jiko, mliweza kuiegemeza? Mimi ni mzima. Viganja vyangu vimeota sugu, ila najua utaguna ukisikia kwamba si sugu za jembe.

Uliponiandikia kwamba serikali inasema Uhuru na Kazi, na mwanao yuko Kampala anawabebea watu fimbo za kuchezea gofu, niliikunja barua nikaitia mfukoni nikaenda kubeba fimbo. Ukasema nisipopata kazi yenye jina kabla kahawa haijaanza kuchumwa, nirudi nyumbani Kaagya nishike kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Nilikubali. Basi nisikilize mambo yalivyokwenda.

Hapa klabuni tunaye bingwa, Bwana Kamugisha, Mhaya mwenzetu wa Muleba, mtunza ghala katika kiwanda cha kahawa. Tangu Waafrika tulipofunguliwa milango kucheza, hakuna aliyemweza. Wasiojua husema anashinda kwa sababu jina lake maana yake ni baraka. Uongo mtupu! Mimi ndiye mbeba fimbo wake, namwona. Kila jioni akitoka ghalani huutupa mpira nyuma ya mgongo bila kuangalia, kisha huupiga hapo hapo ulipoangukia, iwe kwenye matope au chini ya mti. Wenzake hujichagulia nyasi nzuri. Akikosea hucheka mpaka kofia inadondoka, halafu anarudia, na anarudia tena, mpaka giza linatuficha shimo.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo.

“Najitesa?” akasema. “Ningetaka kujitesa ningebaki ghalani. Hapa naufundisha mkono. Siku ya mashindano nauachia ufanye unalojua, mimi nafurahi.”

Mwezi uliopita klabu ilitangaza kwamba itamwajiri msaidizi wa mwalimu wa gofu kutoka kwetu wabeba fimbo, yule atakayetushinda wote. Hiyo ni kazi yenye jina, Tata. Nilifika mpaka mchezo wa mwisho, mimi na Mganda mmoja mpole. Na unajua nani alinibebea fimbo siku hiyo? Bwana Kamugisha mwenyewe. Alijitwika mfuko begani mbele ya watu wote, nikakosa pa kuweka uso.

Nilianza vibaya. Barua yako ilikuwa kichwani, nikawa napiga mpira kama mtu anayeua nyoka. Msimamizi wetu akapaza sauti kutoka pembeni, “Kazana, Deo! Kazana!”

Bwana Kamugisha akaniinamia sikioni. “Umesikia? Anasema *zana*.”

Wewe unajua Kihaya chetu, Tata: anasema cheza! Nilicheka mpaka mabega yakalegea. Tangu hapo mkono ukafanya kazi yake. Mpira mmoja niliutoa chini ya mti, ukapita katikati ya matawi ukatua karibu na shimo, na hata yule Mganda akapiga makofi. Nikamfikia. Sikumbuki kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

Kwenye shimo la mwisho alinishinda kwa pigo moja. Kazi ameichukua yeye, na anaistahili. Nilikwenda nyuma ya ghala la fimbo nikalia. Bwana Kamugisha akanifuata. Alikaa tu kando yangu mpaka nikamaliza, kisha akasema, “Lile pigo la chini ya mti, ulishikaje fimbo? Nionyeshe, mimi huwa linanishinda.” Bingwa, Tata, ananiuliza mimi. Nampenda mtu huyu.

Ahadi ni ahadi. Nitapanda meli ya kurudi nyumbani kabla kahawa haijaiva. Nisalimie Mawe, na kaka aliyeko Kibeta na mke wake, na shangazi mwenye duka Miembeni, mwambie kitenge chake nimekipata. Katekista naye nisalimie, asidhani nimeacha kusali.

Nina ombi moja. Bwana Kamugisha amenipa fimbo yake moja ya zamani na mipira. Kabla hujanionyesha mipaka ya kibanja, twende pale juu kwenye nyasi za malisho, mimi na wewe, upige mpira mmoja. Ukikosa, tutacheka. Nimelelewa nyumbani kwako mpaka nikaota ndevu, Tata, na sijawahi kukuona ukicheza.

Mwanao akupendaye,
Deogratias