Suruali Sita Kwenye Theluji

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kariakoo na jua lake hawajambo? Mimi nimerudi Guangzhou leo, vidole bado vina ganzi. Salha, yule rafiki yangu wa Unguja, alitushawishi wikiendi hii twende milimani, kaskazini huko, tukaione theluji kwa macho yetu. Kamau, Mkenya tunayepakana naye ofisi, ndiye aliyeendesha. Tuliila ile theluji kama watoto! Salha akasema haina ladha ila ina baraka.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Tukipanda kilima cha mwisho gari likakwama, tairi zikawa zinazunguka palepale, na theluji inazidi kumwagika. Kamau akafungua buti atafute chochote cha kutandika chini ya tairi. Akakuta zile sampuli zako za jinzi kutoka kiwandani Xintang, nilizosahau kuzishusha Ijumaa.

"Hizo haziguswi, ni za dada yangu!" nikang'aka.

Salha, meno yanamgongana kwa baridi, akanijibu, "Basi mpigie dada yako aje atusukume."

Nikazitandika mwenyewe, suruali zote sita. Gari likatoka.

Nimeshazifua na kuzianika. Dada, hakuna mshono uliofumuka wala rangi iliyochuja. Kila siku unaniuliza kama jinzi za huyu bosi wa kiwanda zitadumu; kesho naagiza mzigo. Moja imebaki na alama ya tairi gotini. Hiyo siiuzi, nakuletea uivae wewe.

Wabusu wanao.

Mdogo wako,
Zuhura