Orodha ya Nyumba za Mlimani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye ujenzi wa daraja. Natumaini mgongo umepoa na kazi ya kuchomelea haikusumbui macho. Sisi tupo, ila hali ya mwanao Chiriku si nzuri, na ndiyo sababu ya barua hii. Mkeo ndiye aliyeniomba niandike. Unajua hakusoma, kwa hiyo mwandishi wake ni mimi na msomaji wake ni mimi. Amekaa hapa mlangoni pangu, mtoto kamlaza mapajani, anangoja nimalize.

Tangu uondoke, kiwanda kimeongeza bomba la pili la moshi. Wanayeyusha betri chakavu bila kupumzika, na vumbi lake la kijivu linaingia kwenye ndoo, kwenye mashuka, hadi kwenye meno. Mabati yetu yametoboka kama chujio. Watoto wakaanza kuumwa matumbo na kuwa wazito darasani, akina mama wakaenda kupiga kelele getini mpaka meneja akatoka. Ikakubaliwa watoto wapimwe damu, maana vumbi lile lina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mtoto atakayekutwa nayo nyingi atatibiwa bure, na familia yake itapewa nyumba kule mlimani, moshi usikofika. Wengine tukaambiwa tuwe na subira, kana kwamba tulikuwa na kitu kingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda unalijua. Mkeo simpendi kama ninavyojifanya. Mimi nilikulea mgongoni, nikaacha shule ili wewe usome, na tangu uoe barua zako ni zake. Kurasa tatu za kipenzi na laazizi, ambazo lazima nizisome mimi kwa sauti, halafu mwishoni kabisa, msalimie dada. Dada! Kama vile ni jirani wa mtaa wa tatu. Anafua maovaroli ya wafanyakazi wa kiwanda, na mtaa mzima unasema ni mchapakazi. Mimi nimefagia madarasa ya ile shule miaka minane na hajatokea wa kusema lolote. Hata akicheka, watu wanacheka naye. Roho iliniuma, mdogo wangu, ikaniuma mpaka nikazoea.

Siku ya kupima, mkeo alikuwa na lundo la maovaroli ya kurudisha kabla ya saa nane, akaniomba nimpeleke Chiriku pamoja na binti yangu Kidoti. Tukapanga foleni pale kwenye uwanja wa shule. Kila mtoto alivishwa kadi shingoni, yenye jina na namba. Wauguzi walikuwa wageni, hawamjui mtoto wa mtu. Baada ya wiki mbili majina yakabandikwa getini. La Kidoti lilikuwemo, la Chiriku halikuwemo.

Tukahama. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, maji ya bomba humu humu ndani. Mkeo alinibebea kitanda kichwani mpaka huku juu, jasho linamtiririka, huku akisema anamshukuru Mungu mwanawe ni mzima, na kwamba mimi nimehangaika sana, nastahili kupumzika. Nilitamani anune. Angenuna ningelala vizuri.

Miezi mitano imepita. Chiriku aliyekuwa haachi kuropoka tangu alfajiri, sasa ukimuuliza jambo anakutazama tu. Tumbo linambana, chakula hagusi, juzi alianguka akatetemeka mwili mzima. Kila akipelekwa zahanati wanafungua orodha, wanaona damu yake ni safi, wanampa dawa ya minyoo. Kidoti naye alipopimwa mara ya pili hakukutwa na kitu. Daktari alinisimamisha mbele ya akina mama wote akasema nyumba yangu ni mfano wa usafi, waige. Mkeo alikuwepo, na mtoto wake mikononi, akanipongeza kwa moyo wote. Nami, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa, maana kwa mara ya kwanza mwenye kusifiwa nilikuwa mimi na mwenye kutazama alikuwa yeye.

Usafi wenyewe haukuwepo. Pale kwenye foleni niliwavua watoto kadi nikawabadilishia. Nilijua damu ya nani itakuwa chafu, kwa kuwa nyumba yenu imeegemea ukuta wa kiwanda, na mwanao huchezea yale maovaroli kabla hayajaloa. Niliwaambia ni mchezo, kila mmoja awe mwenzake mpaka jioni. Chiriku alifurahi mno. Muuguzi alipomuuliza jina akajitaja Kidoti bila kukosea, kisha akanikonyeza. Akachomwa sindano yeye, nyumba nikapata mimi. Na dawa za kutoa ile sumu, ambazo zilikuwa haki yake, nimekuwa nikizimwaga chooni kila asubuhi, kwa sababu binti yangu hakuwa na cha kutibiwa.

Nilijiambia mkeo ana kila kitu, akikosa nyumba moja haitamuua. Mtoto sikumfikiria. Nilimfikiria mama yake tu.

Leo amenituma nikuandikie kwamba mtoto anaumwa na hakuna anayeujua ugonjwa. Nilishika kalamu nikiwa na nia ya kuandika hivyo hivyo, nikashindwa. Ameniuliza mbona barua ya leo ni ndefu. Nimemwambia akae vizuri nimsomee.

Nimemsomea yote, hata pale niliposema simpendi. Nilidhani atanirukia. Ameniuliza kitu kimoja tu, kadi ya Kidoti iko wapi. Nikampa. Akajifunga Chiriku mgongoni. Nilipotafuta viatu nimfuate, akasema niketi nimalizie barua, uipate haraka. Hospitali ni mwendo mrefu wa mteremko, na kutoka dirishani bado namwona. Hasimami, hageuki nyuma. Hata sasa namwonea wivu, mdogo wangu, kwa jinsi anavyotembea.

Nikishatia barua hii kwenye bahasha nitashuka nimwambie daktari kwa mdomo wangu mwenyewe, maana kadi pekee haitamweleza. Funguo za nyumba hii nimemwekea mezani, ni zake. Na wewe omba ruhusa uje, hata kama watakukatalia.

Kidoti anakusalimu sana. Shemeji yako yuko kazini, naye angekusalimu. Salamu za mkeo sina. Hakuniachia.

Ni mimi,
Dada yako