Bunduki Inabaki kwa Muuzaji

Albert Park, Durban

Mama wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepunguza matata. Je, mdogo wangu Grâce amejifungua salama? Mvua imenyesha huko Uvira? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, watoto wanasoma, na mkweo Alain anakusalimia sana. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu iko. Mama, sauti zangu za WhatsApp husikilizi peke yako, unasikiliza na majirani wote! Hii nimempa Mama Scola anayerudi kwa basi. Uisome ukiwa umefunga mlango.

Habari za duka unazijua nusu. Nilikuambia wezi waliingia dukani kwetu, mtaa wa Jacobs, wakabeba simu. Sikukuambia kwamba walimwekea Alain bastola shingoni mbele ya wateja, wakamlaza chini kama mbuzi. Tangu hapo usingizi ulimhama, akaanza kusema atanunua bunduki yake. Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Niliogopa, Mama, maana wezi wakirudi wakamkuta nayo, watamuua kwanza ndipo watafute pesa. Lakini mkwe wako unamjua, ni mpole, ila akishaamua hasikii la mtu.

Basi akasikia iko maonyesho ya bunduki upande wa Sydenham, watu wanauza juu ya meza. Eish! Sisi tukasikia soko, tukajitayarisha kwa soko. Alain akavaa suti ya kanisa. Akaomba mchungaji amwandikie attestation, ile barua ya mwenendo mwema, yenye mhuri, maana tulidhani muuzaji atataka kujua tu kama mtu ni mwema. Mimi nikabeba mfuko wa kuibebea, na kazi yangu ilikuwa kupatana bei. Usicheke.

Mlangoni tu tukaona hili si soko letu. Kila aliyekuja na bunduki yake ilibidi aifungue, aonyeshe haina risasi, kisha walinzi wakaifunga kwa kamba ya plastiki isiweze kupiga. Picha, marufuku. Kugusa kitu bila kuomba, marufuku. Hata zile za mezani zimefungwa kwa waya kama baiskeli.

Tukasimama kwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mwenye shali ya kufuma. Nikaanza mambo yangu, nikamwomba atupunguzie, sisi ni wageni. Akacheka kwa upole, akasema bei si shida. Akauliza kama Alain ana cheti cha polisi cha kuonyesha amejifunza akafaulu. Hatuna. Leseni je? Hatuna. Alain akamtolea attestation kwa mikono miwili. Yule mama aliisoma yote, kwa heshima, akairudisha. Akatueleza kwamba hata raia akilipa leo, bunduki inabaki kwa muuzaji, kwenye sanduku la chuma, mpaka polisi watoe leseni, na hiyo ni miezi. Na kwa wenye karatasi za ukimbizi kama sisi, sheria hairuhusu kabisa. Mama, nilitamani kumkumbatia.

Alain akaomba basi aishike tu. Yule mama akaikagua, akampa. Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Mikono ya Alain ilifanya kazi yenyewe: akaielekeza chini, akachomoa kile kikasha cha risasi, akaivuta nyuma, akachungulia ndani, upesi upesi, kama mimi saluni ninavyosuka huku napiga porojo. Mwenye meza akamtazama, akamuuliza alijifunza wapi. Alain akaiweka mezani, akatoka.

Nilimkuta nje amekaa chini, suti na yote. Akaniambia. Mama, alikuwa kadogo, askari mtoto. Wanajeshi walimchukua akitoka shule, hata sauti haijaanza kubadilika, wakampa bunduki ndefu kuliko yeye. Yule shangazi wa Bukavu ambaye Alain alisema ndiye aliyemlea, hakuwahi kuwapo. Akasema alipoishika leo mwili wake ulifurahi, na hilo ndilo limemtisha. Hataki tena bunduki. Tutaweka vyuma dukani, tutafunga mapema, na Mungu atatulinda.

Nililia, lakini simkasirikii, nampenda zaidi. Shida ni wewe, Mama. Alain anajua kwamba makadogo ndio waliomuua ndugu yako, Mjomba Zacharie, kwenye barabara ya Fizi. Hajui kama ni kundi lake. Anasema yeye hakumbuki barabara, anakumbuka njaa. Ndiyo maana kila ukimwita mwanangu kwenye simu, anatoka kwenda kwenye veranda. Mimi miaka yote nilidhani anatafuta mtandao.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema nikuandikie. Sasa hivi yuko jikoni anamenya viazi, haulizi nimefika wapi. Anataka kujua kama bado ana ruhusa ya kukuita Mama. Nimemwambia hilo siwezi kumjibia.

Wasalimie Grâce na wote wa nyumbani, na Mungu akutunze. Ukimaliza kusoma, ukapata nguvu ya kupiga simu, tafadhali usiombe kuongea nami. Omba kuongea naye, umwite vile ulivyozoea kumwita, kama moyo wako utakubali. Nimemwambia asitoke tena kwenda kwenye veranda.

Mwanao akupendaye,
Laetitia